CHAKULA CHA KUJENGA MWILI KWA WATOTO WA NGURUWE WALIOACHISHWA ZIWA

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Somo hili ni la ninyi mliokusanyika darasani huko Chilangala, na la wenzenu wote wa Newala na Masasi wanaofuata masomo haya. Aliye na kalamu aishike, na aliye na daftari afungue ukurasa mpya, maana leo tutasoma kidogo, tutaandika kidogo, na tutahesabu sana. Na wewe uliyekosa kusikia redio, ukaipata karatasi hii baadaye, isome polepole. Maneno ni yale yale.

Somo la leo limetokana na swali. Wanafunzi wameuliza hivi: watoto wa nguruwe wakiwa bado na mama yao hunenepa na kung'aa, lakini tukiwatenga naye, katika majuma mawili au matatu wanakonda, wanahara, manyoya yanasimama, na wengine wanakufa. Je, ni ugonjwa, ni husuda ya jirani, au ni nini? Nimelipenda swali hili, maana limeulizwa na watu waliotazama kwa macho yao wenyewe kabla ya kuuliza.

Najua vema ya kuwa katika madarasa yetu Waislamu ni wengi, na kwao nguruwe ni haramu. Simwambii mtu ye yote afuge kitu ambacho dini yake imemkataza. Lakini wapo jirani zao wanaofuga, na hesabu tutakayoifanya leo kanuni yake ni ile ile kwa vifaranga vya kuku, na kwa sehemu kubwa hata kwa mtoto wa mtu anayeacha kunyonya. Basi asiyefuga nguruwe asiinuke. Aihesabu pamoja nasi.

Tena niseme mapema: mimi ni mtu wa elimu, si Bwana Mifugo. Haya niliyo nayo nimefundishwa na mabwana mifugo, na mengine nimefundishwa na hasara yangu. Nilipoanza kazi nilinunua watoto wanne wa nguruwe wenye umri wa miezi miwili. Nikawa nawapa makopa yaliyotwangwa pamoja na pumba, asubuhi na jioni, nao wakala wakashiba. Nasema walishiba, matumbo yakawa kama ngoma. Baada ya miezi miwili mingine nikaazima mizani nikawapima. Hapana hata mmoja aliyefika kilo 15, na wa nne hakupimwa kwa kuwa alikuwa amekwisha kufa. Bwana Mifugo alipokuja nilitazamia atoe sindano. Hakutoa. Alichota kile chakula kwa mkono, akakitazama, akaniuliza, "Hawa wanashiba kwa hiki. Wanajengwa na nini?" Sikuwa na jibu.

Hilo ndilo jambo la leo. Kushiba ni kitu kimoja, na kujengwa ni kitu kingine.

Tuanze na maziwa. Maziwa ya nguruwe jike ni mazito kuliko ya ng'ombe. Ukiyakausha maji yote, katika ule unga unaobaki karibu robo yake ni chakula cha kujenga mwili. Chakula hiki huitwa protini. Liandikeni neno hilo: P-R-O-T-I-N-I. Nyama, damu, ngozi, manyoya na kwato vyote hujengwa kwa protini. Mtoto wa nguruwe huzaliwa na uzito wa kilo moja na kitu hivi, na akitunzwa vizuri hufika kilo 10 au zaidi katika majuma 8. Basi huyo ni fundi anayejenga nyumba mara kumi ya ile aliyoanza nayo katika miezi miwili tu! Ukimtoa kwenye maziwa ghafula ukampa muhogo mtupu, ni kama umemnyang'anya fundi matofali yote ukamwachia kuni za kupikia chai.

Muhogo ni kuni. Silitukani zao letu, maana sisi sote tumekulia juu yake. Unatoa nguvu na joto, lakini katika kilo moja ya makopa protini ni kama gramu 25 tu. Mtoto wa nguruwe aliyeachishwa ziwa anahitaji chakula chenye protini ya gramu 180 hadi 200 katika kila kilo, mpaka afikishe uzito wa kilo 25 hivi. Baada ya hapo zinatosha kama gramu 160. Huwezi kumwambia ale muhogo mwingi zaidi ili apate hizo gramu, kwa kuwa tumbo lake ni dogo. Hujaa kabla ya kujengwa, kama walivyojaa wale wangu.

Kuna jambo la pili, nalo ni la ajabu kidogo, kwa hiyo sikilizeni vizuri. Protini si kitu kimoja. Imeundwa kwa vipande vidogo vingi, aina 20 hivi, na karibu nusu yake mwili wa nguruwe hauwezi kuvitengeneza. Ni lazima avile. Vipande hivyo ni kama herufi. Hebu andikeni neno CHILANGALA katika madaftari. Hesabuni: herufi 10, na ndani yake A ni tatu, na L ni mbili. Sasa tuseme una mfuko wa herufi wenye A mia moja, C mia moja, na kila herufi kwa wingi, ila L ni mbili tu. Utaandika Chilangala mara ngapi? Mara moja. A zako zilizobaki hazina kazi tena.

Mwili wa nguruwe nao ndivyo ulivyo. Herufi inayopungua kwanza katika vyakula vyetu ni ile iitwayo lisini, na kwa bahati nzuri inaanza kwa L. Mahindi yana L chache. Ufuta na karanga zina protini nyingi, lakini L zake ni chache pia. Mbaazi, kunde, choroko, njugu mawe na soya zina L nyingi, ila zimepungukiwa herufi nyingine iitwayo methionini, tuiite M. Na ufuta, ule ule uliopungukiwa L, umejaliwa M. Mwaona basi? Mbaazi peke yake haitoshi, na ufuta peke yake hautoshi, lakini ukivichanganya kimoja kinakopesha mwenzake. Samaki ana herufi zote, L na M kwa wingi, ndiyo sababu kilo chache za dagaa hurekebisha gunia zima la chakula.

Sasa tutembee katika mashamba yetu na sokoni, tuone tuna nini.

Dagaa wakavu wana protini ya gramu 550 hivi kwa kilo. Hakuna kingine katika soko letu kinachofikia hapo kwa wepesi. Lakini dagaa wana mambo mawili. La kwanza ni mchanga: wengine huanikwa chini ufukoni, nawe unalipia mchanga kwa bei ya samaki. Tikisa wachache majini uone kinachozama. La pili ni chumvi, nayo nitairudia, kwa sababu hapa kwetu uwandani chumvi ni hatari kuliko watu wanavyodhani.

Mbaazi zina gramu 200 hivi. Mwakumbuka mwaka 2017, India ilipoweka kikomo cha mbaazi zinazoingia kwao, bei yake ikaanguka hata watu wakaziacha ndani ya magunia. Mwaka kama ule, aliye na nguruwe wachanga alikuwa na mnunuzi ndani ya banda lake mwenyewe. Lakini mbaazi mbichi si chakula cha mtoto wa nguruwe. Ndani ya mbaazi, na zaidi ndani ya soya, mna kitu kinachozuia tumbo lisisage protini. Nguruwe anakula, na protini inatoka naye kwenye mavi. Moto huvunja kitu hicho. Chemsha mbaazi mpaka ziive, zikaushe juani, kisha zisage. Soya itie katika maji yanayochemka kwa dakika 30, au ikaange mpaka inukie kama karanga zilizokaangwa na rangi yake igeuke. Mahali ambapo maji ni ya kununua, kukaanga hufaa kuliko kuchemsha, mradi usiiunguze, maana protini iliyoungua nayo imepotea. Soya yenyewe si zao kubwa la kwetu, lakini ndugu zetu wa Ruvuma wanailima, nayo ina gramu 370 hivi. Ukiipata kwa bei nzuri usiiache.

Ufuta twaulima kwa wingi, ila sehemu kubwa huuzwa ghafi na kwenda ng'ambo. Ninachokitaka kwa nguruwe si ufuta mzima, kwa kuwa mafuta yake mengi humharisha mtoto. Nataka mashudu, yaani yale makapi yanayobaki baada ya kukamua mafuta. Mashudu ya ufuta yana gramu 400 hivi, ya alizeti gramu 280 hivi, lakini ya alizeti yana maganda mengi, kwa hiyo mtoto apewe kidogo. Na mtu akikuletea mashudu gunia zima kwa bei ya kutupa, muulize kama ni ya pamba. Mbegu ya pamba ina sumu yake ambayo ng'ombe mkubwa huivumilia, lakini nguruwe mchanga haiwezi.

Sasa karanga. Hapa nitakaa kidogo. Sisi watu wa kusini tuna historia na karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wao mkubwa, wakafyeka mapori Kongwa, Urambo na hapa jirani Nachingwea kwa matrekta, wakitafuta mafuta ya kula kwa watu wa kwao. Mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya fedha nyingi kupotea. Karanga hazikuondoka, maana wakulima wadogo walikuwa wakizilima kwa jembe la mkono, nao wakaendelea. Leo kituo cha utafiti cha Naliendele, pale Mtwara, kimetoa mbegu za karanga zenye majina ya kwetu, kama Masasi 2009 na Mangaka 2009. Basi karanga tunazo, na mashudu yake ni mazuri, yana protini nyingi. Hatari yake ni ukungu.

Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa katika muda mfupi, na kwanza hapana aliyejua sababu. Wataalamu walipofuatilia waliikuta katika mashudu ya karanga yaliyoota ukungu. Sumu ya ukungu huo kwa Kiswahili tunaiita sumukuvu. Haionekani, haina harufu, na kupika hakuiondoi. Hata binadamu hasalimiki nayo: mwaka 2016 watu waliugua na wengine walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Sasa fikirini desturi yetu. Mama anachambua karanga, nzuri anaziweka kando za kuuza, zile nyeusi na zilizosinyaa anasema, "Hizi ni za nguruwe." Mama yangu, hizo ndizo hasa zisizofaa kwa nguruwe! Mtoto wa nguruwe ini lake ni laini, naye huumizwa upesi kuliko mnyama mzima. Karanga zilizooza zifukie shimoni.

Majani tunayo pia. Majani ya mlonge na kisamvu yakikaushwa na kusagwa yana protini zaidi ya gramu 200 kwa kilo. Lakini majani yana nyuzi nyingi ambazo tumbo la mtoto haliwezi, kwa hiyo katika kilo 20 za chakula usizidishe kilo moja. Kisamvu cha muhogo mchungu kikatwekatwe, kianikwe juani siku mbili tatu hata kikauke kabisa, ili ile sumu ya muhogo itoke.

Na juu ya sumu hiyo ya muhogo lipo jambo linalotuhusu sisi wenyewe. Miaka ya mwanzo ya 2000, ulipotokea ukame, katika mkoa wetu wa Mtwara walionekana watu waliopooza miguu kwa ugonjwa uitwao konzo. Walikuwa wamekula muhogo mchungu ambao haukutengenezwa kwa muda wa kutosha, nao hawakuwa na mboga za kujenga mwili. Mwili huiua sumu ya muhogo kwa kutumia herufi zenye salfa zilizomo katika protini, na ile M yetu ni mojawapo. Basi anayekula muhogo bila protini anakosa mara mbili: hana protini ya kujengea, na hata ile kidogo aliyo nayo inakwenda kupigana na sumu. Nikikumbuka wale nguruwe wangu na yale makopa, naelewa sasa.

Damu ya machinjioni, ya ng'ombe au mbuzi, ni protini tupu ikichemshwa, ikakaushwa na kusagwa, lakini itie kidogo tu, kwani herufi zake hazikulingana. Makombo ya hoteli ni jambo jingine. Ikiwa ndani yake mna vipande vya nyama ya nguruwe, vinaweza kuleta homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ulioandikwa kwa mara ya kwanza kutoka Kenya mwaka 1921. Ukiingia bandani huua karibu wote, na hakuna dawa ya kuutibu. Kwa mtoto aliyeachishwa ziwa mimi nasema makombo yasiingie kabisa. Kwa wakubwa yachemshwe nusu saa nzima.

Haya, kalamu mkononi. Tutatengeneza kilo 20 za chakula. Andikeni kila kitu na protini yake. Mwalimu aandike ubaoni.

Mahindi yaliyosagwa kilo 8, kila kilo ina gramu 90: tunapata gramu 720. Pumba laini za mahindi kilo 3, kila kilo gramu 100: gramu 300. Mbaazi zilizopikwa, zikakaushwa na kusagwa, kilo 4, kila kilo gramu 200: gramu 800. Mashudu ya ufuta kilo 2 na nusu, kila kilo gramu 400: gramu 1,000. Dagaa waliosagwa kilo 2, kila kilo gramu 550: gramu 1,100. Hizo ni kilo 19 na nusu. Nusu kilo iliyobaki ni gramu 400 za unga wa mifupa iliyochomwa, na gramu 100 za chumvi. Dagaa wako wakiwa wa chumvi, acha chumvi hiyo.

Jumlisheni sasa: 720, na 300, na 800, na 1,000, na 1,100. Jibu ni gramu 3,920. Gawanyeni kwa kilo 20. Kila kilo ina gramu 196. Tulitaka kati ya 180 na 200. Tumefika, na ndani yake mna L ya mbaazi na dagaa, na M ya ufuta.

Mtu wa Chilangala ataniuliza, "Bwana, mahindi nitayatoa wapi? Mimi nina muhogo." Swali la haki. Toeni basi yale mahindi kilo 8, mtie makopa kilo 8. Gramu 25 mara 8 ni 200 badala ya 720. Jumla inashuka hadi 3,400, na kila kilo inabaki na gramu 170. Haitoshi. Sasa punguzeni makopa yawe kilo 7, na dagaa waongezeke wawe kilo 3. Makopa yanatoa 175, pumba 300, mbaazi 800, mashudu 1,000, dagaa 1,650. Jumla ni 3,925, na kila kilo inarudi kuwa na gramu 196. Kumbe kuweka muhogo badala ya mahindi bei yake ni kilo moja ya dagaa katika kila kilo 20. Nenda sokoni ukalinganishe, kwani mwaka mwingine muhogo utakuwa rahisi hata ukilipa dagaa hao, na mwaka mwingine hautakuwa.

Asiye na mizani asitumie kopo moja kupimia vyote. Kopo linalochukua kilo ya mahindi halichukui kilo ya pumba, maana pumba ni nyepesi. Beba kopo lako mara moja tu hadi kwenye mizani ya dukani, pima kila kitu, na uchore alama ndani ya kopo mahali kilo ya kila kimoja inapofika. Wakati wa kuchanganya, vile vitu vidogo, yaani mifupa, chumvi na dagaa, vichanganye kwanza na mahindi kidogo, ndipo uvimwage katika chungu kikubwa, la sivyo mtoto mmoja atapata chumvi yote.

Wapewe kiasi gani? Mtoto aliyeachishwa ziwa wa kilo 10 hivi hula kama nusu kilo kwa siku. Watoto 10 hula kilo 5, na kilo 20 zitawatosha siku 4. Wakizidi kukua wataongezewa. Lakini siku tatu nne za kwanza punguza, ugawe mara tatu au nne kwa siku, maana tumbo lililozoea maziwa likijazwa ghafula huhara, na anayehara protini haimfai kitu. Afadhali zaidi uanze kuwaonjesha chakula hiki tangu juma la tatu, wakiwa bado wananyonya, pahali mama yao hawezi kufika. Huko Ulaya mashamba makubwa huachisha baada ya majuma 4, wakiwa na mabanda yenye joto na unga wa maziwa. Sisi tusiwaige. Juma la 8 ni jema kwetu, na la 6 kwa mwenye chakula kizuri.

Nilisema nitarudia chumvi. Sisi wa uwanda wa Makonde tunajua maji ni kitu gani. Bibi zetu walishuka mabondeni na kupanda tena na mitungi kichwani, na ingawa tangu miaka ya 1950 mradi wa maji wa Makonde umekuwa ukisukuma maji kutoka mabondeni, zipo siku bomba halitoi kitu. Nguruwe mchanga aliyekula dagaa wa chumvi na kukosa maji siku nzima huweza kufa kwa chumvi. Utamwona anayumba, anazunguka, anagonga ukuta kama kipofu, kisha anaanguka na kutikisika. Watu husema amerogwa au ana kifafa. Akionekana hivyo usimpe ndoo nzima kwa mara moja. Mpe maji kidogo kidogo, kila baada ya muda mfupi, na Bwana Mifugo aitwe. Kuzuia ni rahisi zaidi: loweka dagaa wa chumvi, mwaga maji yale, waanike tena, ndipo usage. Na kabla hujaachisha watoto ziwa, jiulize kama una lita 20 za maji kwa siku kwa ajili ya watoto 10, na zaidi wakati wa jua kali. Kama huna, wauze wakiwa bado na mama yao. Si aibu.

Lipo jambo moja ambalo nimelisitasitia, lakini lazima nilitaje. Dagaa, mbaazi, karanga nzuri: vyote hivi ni mboga ya watoto wetu. Wazee wenu watakumbuka vipindi vya Radio Tanzania, "Mtu ni Afya" mwaka 1973 na "Chakula ni Uhai" mwaka 1975, watu walipokaa chini ya miembe kusikiliza na kujadiliana kama mnavyofanya leo. Mtoto wa mtu anayeachishwa ziwa akapewa uji wa muhogo mtupu, huvimba tumbo na nywele zake hugeuka rangi, kwa sababu ile ile tuliyoieleza. Ikiwa nyumbani dagaa hawatoshi wote wawili, usiwe na shaka ni nani wa kwanza. Nguruwe anauzwa ili mtoto ale. Haifai mtoto apunguziwe ili nguruwe auzwe.

Kazi ya nyumbani ni mbili. Kwanza, kila mmoja alete darasani bei ya kilo moja ya dagaa, mbaazi na mashudu ya soko lake, aigawe kila bei kwa gramu za protini tulizoandika, tujue gramu moja ya protini ni rahisi kuliko zote katika kitu gani. Mkumbuke kwamba iliyo rahisi mwezi huu huenda isiwe rahisi mwezi ujao.

Pili, mama mmoja ana mbaazi nyingi na dagaa haba. Katika chakula chetu cha kwanza, kile cha mahindi, anapunguza mahindi kilo 1 na dagaa kilo 1, na anaongeza mbaazi kilo 2. Je, kila kilo ya chakula chake itakuwa na protini gramu ngapi, na yatosha? Mimi nimepata gramu 184. Mkipata nyingine, hesabuni mara ya pili kabla hamjaniandikia barua.